UZI: Rachmaninoff ni kengele na wimbo wa kanisa, si mikono mikubwa tu (wapiga piano na walimu wa kwaya, ingieni)

#1 Mzee_wa_Besi

Wakuu, kila jina la Sergei Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano wa Urusi, likitajwa, mada inaishia kwenye vidole vyake. Mkono ulikuwa mkubwa kweli, tutafika huko. Ila mlango wa muziki wake ni kengele na nyimbo za kanisa la Kiorthodoksi la Urusi. Asiyepitia hapo atapiga nota zote sawasawa na bado atakuwa nje. Naweka maisha yake kwa kifupi, halafu twende kazi moja moja: inapigwaje, inaimbwaje, na wapi watu wanaharibu.

Alizaliwa 1 Aprili 1873 (20 Machi kwa kalenda ya zamani ya Warusi) mkoa wa Novgorod, kwa watu wa tabaka la makabaila. Baba yake Vasily alitapanya mali, mashamba yakaenda moja baada ya jingine, familia ikahamia St Petersburg kwenye nyumba ndogo. Mwaka 1883 dada yake Sofia alikufa kwa dondakoo, kisha wazazi wakatengana. Aliyemshika mkono ni bibi mzaa mama, Butakova, aliyekuwa akimpeleka makanisani Novgorod. Kengele za kanisa kuu la Mtakatifu Sofia zilimkaa kichwani maisha yake yote. Hili si la kukisia: katika Suti (mfululizo wa vipande) ya kwanza ya piano mbili (opus 5, yaani kazi yake namba 5, 1893), sehemu ya tatu iitwayo "Machozi" imejengwa juu ya nota nne za kengele zinazorudi na kurudi, na sehemu ya nne, "Pasaka", ni kengele tupu.

Shuleni St Petersburg alifeli masomo ya kawaida mwaka 1885. Binamu yake Alexander Siloti, aliyekuwa amesoma kwa mpiga piano Liszt, akashauri apelekwe Moscow kwa Nikolai Zverev. Huyo mzee aliwalaza wanafunzi nyumbani kwake bila kuwatoza, lakini saa kumi na mbili asubuhi mtu awe ameshakaa kwenye piano. Walikosana 1889: kijana alitaka nafasi ya kutunga, mwalimu alitaka mpiga piano. Kwenye chuo cha muziki cha Moscow alifundishwa na Taneyev na Arensky. Mwaka 1892 akahitimu kwa opera ya kitendo kimoja, *Aleko*, aliyoiandika kwa wiki mbili na siku chache, akapewa medali kubwa ya dhahabu. Mtunzi Tchaikovsky alimpenda mapema, naye alipofariki 1893 Rachmaninoff alimwandikia trio (kazi ya vyombo vitatu) ya maombolezo, opus 9.

Mwaka huohuo wa 1892 ndipo ilipotoka Preludi (kipande kifupi cha piano) ya C shapu maina. Hiyo namwachia @Funguo88.

#2 Mdadisi_Mbeya

Nimeweka kiti, mkuu. Swali la haraka: hiyo preludi ni kweli haikumpa hela?

#3 Funguo88

Kweli tupu. Vipande vitano vya opus 3 alivyouza kwa mchapishaji Gutheil vilimpa rubo 200, yaani rubo 40 kwa kila kipande, Preludi ikiwamo. Urusi wakati huo haikuwa kwenye Mkataba wa Berne wa haki za watunzi, kwa hiyo wachapishaji wa Ulaya na Marekani waliichapa bila kumlipa senti. Ikawa maarufu kuliko yeye. Alipokuwa akipiga Marekani watu hawakuondoka ukumbini mpaka awape "C shapu", na alifika mahali pa kuichoka. Funzo alilipata: mwaka 1925 alianzisha Paris kampuni yake ya kuchapisha muziki, TAÏR, jina lililotokana na mabinti zake Tatiana na Irina.

Sasa kuipiga. Nota tatu za mwanzo ni A, G shapu, C shapu, kwa oktavu, mikono yote miwili. Kwa wenzetu wa solfa: fa, mi, la. Hizo tatu ndizo kengele kubwa, nazo hazinyamazi: zinabaki chini huku kodi (kodi za muziki, si za TRA) zikijibu juu kwa sauti ndogo sana. Kosa la kwanza linatokea hapohapo. Mtu anagonga nota tatu kwa nguvu zake zote, na ukurasa wa mwisho ukifika hana cha kuongeza. Yeye mwenyewe aliandika katika makala ya 1910 kwamba mpigaji asimalize nguvu mwanzoni, na kwamba kodi za juu zisiibe macho ya msikilizaji kutoka kwenye zile nota tatu za chini. Basi fanya hivi: piga mstari wa chini peke yake, kipande chote cha kwanza, mpaka usikike kama wimbo wenye mwendo. Halafu ongeza kodi, nota ya juu kabisa ya kila kodi ipate uzito kidogo kuliko za kati. Ukiona kodi zote zina uzito sawa, utasikia uji.

Sehemu ya kati, *agitato* (kwa msisimko), ina vikundi vya nota tatutatu mkono wa kulia vinavyoshuka kwa nusutoni. Wengi wanaianza kwa kasi ambayo hawawezi kuimaliza, kwa sababu inazidi kuwa nzito kuelekea mwisho na mikono inaanza kupokezana kodi. Pima kasi yako kwa kile kipande cha kupokezana, kisha urudi nayo mwanzo.

Baada ya hapo wimbo wa kwanza unarudi umeandikwa kwenye mistari minne ya stafu badala ya miwili. Usiogope. Si mikono minne, ni mikono miwili inayoruka kutoka chini kwenda katikati. Fanya mazoezi ya kuruka bila kutoa sauti: piga oktavu ya chini, peleka mkono juu ya kodi inayofuata, tua juu ya vibonyezo bila kubonyeza, hakikisha vidole vyote viko mahali pake, ndipo ubonyeze. Mapigo 40 kwa dakika yanatosha wiki ya kwanza. Nguvu itoke begani na ushuke na uzito wa mkono. Ukipiga kutoka juu kama mtu anayetwanga, piano inatoa kelele ya mbao na mkono unakakamaa.

Vipimo vya mwisho ni kengele ikififia, kwa hiyo usikimbie kuinua pedali.

#4 Solfa_Tupu

Nakazia hapo kwenye uji 😂

#5 Karani_wa_Nota

Ngojeni niweke sawa jambo la simfonia ya kwanza, maana linasimuliwa ovyo.

Simfonia Na. 1, D maina, opus 13, ilipigwa mara ya kwanza St Petersburg Machi 1897, Alexander Glazunov akiiongoza. Ilianguka vibaya. Mhakiki César Cui aliandika gazetini kwamba kama kungekuwa na chuo cha muziki Jehanamu, na mwanafunzi mmojawapo akaagizwa kutunga simfonia juu ya mapigo saba ya Misri, kazi hii ingewafurahisha wenyeji wa huko. (Saba, ingawa kitabu cha Kutoka kina kumi. Mhakiki akikasirika hahesabu.)

Sababu? Mazoezi yalikuwa haba na programu ilijaa kazi ngeni. Glazunov hakuielewa kazi yenyewe na aliikatakata. Mke wa Rachmaninoff, Natalia, baadaye alidai kwamba Glazunov alikuwa amelewa. Hayo ni maneno yake. Lakini tazama pia nota zenyewe: okestra imeandikwa nene, nyimbo fupi za mtindo wa kanisa zinabadilika umbo kila mara. Kazi ya namna hiyo ikipigwa bila mazoezi haisikiki kabisa. Juu ya karatasi aliandika neno la Warumi 12:19, "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa."

Hakuichapisha. Alipoondoka Urusi nakala kuu ikapotea. Mwaka 1944 zikapatikana Leningrad karatasi za wapigaji, yaani violini na karatasi yake, filimbi na karatasi yake, na kutoka hapo simfonia ikaunganishwa upya. Ilipigwa Moscow 17 Oktoba 1945 chini ya Alexander Gauk, mtunzi akiwa ameshafariki miaka miwili na nusu. Hapo pana somo kwa watunza maktaba za kwaya: nakala ya mwongozaji ikiibwa, bado unaweza kuijenga kazi kwa nakala za waimbaji, ila ziwepo zote na zisiwe zimechanganywa.

#6 Mdadisi_Mbeya

Na yule daktari aliyemlaza usingizi mpaka akatunga koncheto (kazi ya piano na okestra)?

#7 Karani_wa_Nota

Nikolai Dahl. Alimwona kila siku kuanzia Januari hadi Aprili 1900, kwa haipnosia na mazungumzo. Dahl mwenyewe alikuwa anapiga viola kwa kupenda tu, hivyo wawili hao walikuwa na la kuzungumza. Koncheto Na. 2, C maina, opus 18, ilitungwa baada ya hapo: sehemu ya pili na ya tatu zilipigwa Desemba 1900, yote kamili ikapigwa Novemba 1901 (bado Oktoba kwa kalenda yao), Siloti akiongoza na mtunzi kwenye piano. Imetolewa kwa heshima ya Dahl.

Ila usiseme miaka ile mitatu alikaa tu gizani. Msimu wa 1897–98 aliongoza opera ya tajiri Mamontov, Moscow, akaanza urafiki wa maisha na mwimbaji wa besi Feodor Chaliapin. Mwaka 1899 alikwenda London kuongoza na kupiga. Alichoshindwa ni kutunga, si kufanya kazi.

#8 Funguo88

Koncheto Na. 2 basi, na hapa mkono unaingia.

Inaanza piano peke yake, vipimo nane. Kodi nzito, na baada ya kila moja nota ya F chini kabisa inaitika. Kengele tena! Inaanza kimya na kukua hatua kwa hatua hadi kishindo, kisha oktavu zinashuka na okestra inaingia na wimbo katika C maina. Angalia ujanja: vipimo nane vimezunguka F maina, kwa hiyo C maina ikifika ni kama mlango mzito uliofunguka.

Mkono wa kushoto unatakiwa kufika F hadi A flati ya oktavu ya juu yake. Kwenye piano ya kawaida oktavu, kutoka katikati ya kibonyezo hadi katikati ya kingine, ni kama sentimita 16.5. Mnyambuliko huu ni karibu sentimita 20. Mikono mingi haifiki. Rachmaninoff alifika sentimita 26 hivi: mpiga piano Mwingereza Cyril Smith alisimulia kwamba mkono wake wa kushoto ulishika C, E flati, G, C na G kwa pamoja.

Usiyefika una njia mbili. Ya kwanza ni kuvunja kodi: F ya chini itangulie kidogo, zilizobaki zifuate mara moja. Kinachoharibika hapa mara zote ni pedali. Mtu anapiga F, ndipo anabadilisha pedali pamoja na kodi, na F inakufa. Kengele inabaki bila sauti ya chini. Pedali ishuke *pamoja na F*, isiguswe tena hadi kodi inayofuata. Na amua mara moja kama F itakuja kabla ya pigo au juu ya pigo, ushike hilo vipimo vyote. Ukichanganya, wapiga okestra hawajui waingie wapi. Njia ya pili ni kumpa mkono wa kulia A flati, pale ambapo una kidole kisicho na kazi. Sauti inabaki pamoja, ila nota ya juu isipungue.

Usivunje kodi taratibu kama gitaa. Kengele haipigwi taratibu.

Na mwingine akiniambia amenunua kifaa cha kunyoosha vidole, namwomba aache. Mkono ukiuma kwenye kifundo, simama siku hiyo. Kunyoosha vidole kwa kifaa kunaweza kujeruhi.

#9 Solfa_Tupu

Mkuu Koncheto Na. 3 ndiyo ngumu zaidi si ndiyo?

#10 Funguo88

Kwa wingi wa nota, ndiyo. Aliiandika 1909 kijijini Ivanovka kwa ajili ya safari ya Marekani, na kwa kukosa muda akaifanyia mazoezi melini kwenye kinanda bubu, kile chenye vibonyezo visivyotoa sauti. Ilizinduliwa New York 28 Novemba 1909 chini ya Walter Damrosch, na Januari 1910 akaipiga tena, Gustav Mahler akiongoza. Aliyepewa heshima yake, mpiga piano Josef Hofmann, hakuwahi kuipiga hadharani. Wimbo wake wa mwanzo, ule mwepesi unaopigwa kwa oktavu mikono miwili, una mwendo wa wimbo wa kanisa: unatembea hatua kwa hatua, hauruki. Anayeupiga kama wimbo wa mapenzi anakosea pa kwanza kabisa.

#11 Mzee_wa_Besi

Sasa pale ninapopapenda. *Mkesha wa Usiku Kucha*, opus 37, wa 1915. Kwaya tupu, hakuna chombo, kwa kuwa kanisa la Kiorthodoksi la Urusi haliruhusu vyombo ibadani. Sehemu 15. Aliuandika kwa wiki mbili hivi, ukaimbwa mara ya kwanza Moscow Machi 1915 na Kwaya ya Sinodi, wanaume na wavulana, chini ya Nikolai Danilin. Sehemu kumi zimejengwa juu ya nyimbo za kale: namba 2 na 15 wimbo wa "Kigiriki", 4 na 5 wimbo wa Kiev, na 7, 8, 9, 12, 13 na 14 wimbo wa *znamenny*, yaani uimbaji wa kale wa kanisa la Urusi. Zilizobaki alitunga kwa kuigiza mtindo uleule, na ukisikiliza huwezi kutofautisha.

Namba 5 ni wimbo wa Simeoni: "Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako, kwa amani." Tenori mmoja anaimba peke yake, alto na tenori wengine wanambembeleza kama utoto wa mtoto, na mwishoni besi wanashuka ngazi kwa ngazi mpaka B flati iliyo oktavu mbili na toni moja chini ya C ya kati. Kama hezi 58. Danilin alipoona akauliza besi wa namna hiyo watapatikana wapi. Rachmaninoff aliwajua watu wa nchi yake. Urusi ina waimbaji wanaoitwa *oktavisti*, kazi yao ni hizo nota tu. Hii ndiyo sehemu aliyotaka iimbwe kwenye mazishi yake.

Kwaya yako haina mtu huyo? Usiwalazimishe vijana wa besi kukoroma. Ngazi ile inashuka kwa sauti ya chini kabisa, na nota hiyo haisukumwi: ukisukuma inakatika. Waambie wote waimbe hadi walipofika kwa sauti safi, kisha waliobaki wahamie oktavu ya juu, mmoja mmoja, si wote mahali pamoja, la sivyo msikilizaji anasikia shimo. Wanaofika chini wawili au watatu wanatosha, nao wafungue koo na kuegemea irabu "o". Kupandisha ufunguo toni moja kunasaidia besi lakini kunamchosha tenori wa solo, ambaye tayari yuko juu. Pima ni nani una uhaba naye.

#12 Bi_Alto

Shikamoo Mzee. Mimi nauliza namba 6, *Bogoroditse Devo*, ndiyo wengi tunayoimba. Matamshi yanatushinda.

#13 Mzee_wa_Besi

Marahaba Bi Alto. Namba 6 ndiyo pa kuanzia kweli: dakika tatu tu, F meja, na maneno mnayajua, kwani ni Salamu Maria yao. Maandishi yote haya hapa:

*Bogoroditse Devo, raduysya, Blagodatnaya Mariye, Gospod s Toboyu. Blagoslovenna Ty v zhenakh, i blagosloven plod chreva Tvoyego, yako Spasa rodila yesi dush nashikh.*

Hakuna "utuombee sisi wakosefu". Mwisho wake ni "kwa kuwa umemzaa Mwokozi wa roho zetu", na kilele cha muziki kiko hapo kwenye *Spasa*, Mwokozi. Mwalimu asiyejua maana huweka kilele mapema.

Matamshi: habari njema ni kwamba irabu ni zetu. Kirusi cha mtaani kinageuza "o" isiyo na mkazo kuwa kama "a", lakini Kislavoni cha kanisani hakifanyi hivyo. Bo-go-ro-di-tse, o zote ni o. Anayejifunza kwa kumsikiliza Mrusi wa kwenye simu atapotea. *Kh* ni ile ya mtu wa pwani akisema "kheri", isiwe k wala h tupu. *Zh* ni sh iliyotiwa mvumo. Ukiimba "jenakh" umekosea. *Gospod* inaishia kama t laini.

Balaa kubwa ni konsonanti tupu: *s Toboyu*, *v zhenakh*. Sisi ulimi unataka irabu, kwaya inaimba "si Toboyu", "vi zhenakh", silabi moja inazidi na mdundo unavunjika. Dawa: bandika konsonanti hiyo mwisho wa neno lililotangulia au iunganishe kabisa na neno linalofuata. "Gospot-stoboyu", "Ty-vzhenakh". Waisome maneno kwa mdundo bila sauti za wimbo mara tano kabla hawajaimba. *Blagoslovenna* isiwe "balago": hiyo ni Bl, papo hapo.

#14 Bi_Alto

Asante sana. Na tunashuka sauti, tukimaliza tuko chini karibu nusutoni.

#15 Solfa_Tupu

Hilo la kushuka najibu mimi. Kwaya iliyozoea kinanda huegemea kinanda bila kujua. Kipande hiki kina nota nyingi zinazorudiwa palepale, na kila mrudio mtu hushuka unywele. Waambie kila nota inayorudiwa waiwaze kidogo juu ya ile iliyopita. Pili, mi katika kodi ya meja: alto wakiishika mi chini, wote wanawafuata. Tatu, pumzi. Mistari ni mirefu, watu wanaishiwa hewa pamoja. Wapokezane: jirani asivute pumzi pamoja na jirani, na asivute kwenye mpaka wa kipimo. Mpe kila mtu mahali pake, aandike kwa penseli.

Katikati alto ndio wenye wimbo, soprano na tenori wanaelea juu yao kwa oktavu. Soprano wakizoea kuongoza watawafunika. Idadi: 24, sita kwa kila sauti, inatosha. Chini ya 16 sauti zikigawanyika zinabaki na mtu mmojammoja na inasikika.

Nota zenyewe zinapatikana bure mtandaoni, na haki zake zimeshaisha: alifariki 1943, kwa hiyo hesabu ya miaka 50 ya Tanzania na Kenya imepita, na hata ya 70 ya Ulaya. Toleo jipya lililohaririwa na mtu linaweza kuwa na haki zake, angalieni hilo kabla ya kutoa nakala arobaini.

#16 Mdadisi_Mbeya

Haya, na maisha baada ya mapinduzi? Naona wengine wanasema alikufa kisanaa.

#17 Karani_wa_Nota

Aliondoka Desemba 1917 na familia kwenda Stockholm kupiga matamasha, asirudi tena. Shamba la Ivanovka likapotea. Tarehe 10 Novemba 1918 aliingia New York akiwa na miaka 45, na njia pekee ya kulisha familia ilikuwa kupiga muziki wa watunzi wengine kwenye piano. Hesabu inaeleza yenyewe: hadi kuondoka alikuwa na opus 39, miaka 25 iliyobaki ilitoa sita, 40 hadi 45. Lakini si kufa. Rapsodia ya Paganini (1934) iko hapo, tofauti 24 za wimbo mmoja; ile ya 18 inayopendwa na wote ni wimbo wa Paganini uliopinduliwa, panda ikawa shuka na shuka ikawa panda. Aliitunga Uswisi, kwenye nyumba yake ya Senar kando ya ziwa Luzern. Nyumbani kwake Urusi muziki wake uliwekwa kando kwa muda baada ya 1931, aliposaini barua gazetini New York dhidi ya utawala wa Kisovieti. Hata hivyo wakati wa vita alitoa mapato ya matamasha kusaidia Jeshi Jekundu.

Kazi ya mwisho ni *Dansi za Simfonia* za 1940. Mwisho wa dansi ya kwanza unasikika wimbo mtulivu, violini zikiimba na kengele ndogo zikimeta. Ni wimbo wa Simfonia Na. 1, ile iliyozomewa 1897. Hakuna msikilizaji aliyeweza kuutambua, kwani nota zilikuwa bado zimepotea! Na katika dansi ya tatu anapambanisha wimbo wa kifo, *Dies irae* (do ti do la, ti so la la, mtausikia katika kazi zake nyingi sana), na sehemu ya tisa ya Mkesha. Mkesha unashinda. Kwenye nakala akaandika "Alliluya".

Tamasha la mwisho alilipiga Knoxville, Tennessee, 17 Februari 1943, akiwa mgonjwa wa saratani. Alifariki Beverly Hills 28 Machi, amezikwa Kensico, jimbo la New York.

#18 Funguo88

Nyongeza ya ushawishi, maana kichwa cha kila mjadala ni huko. Filamu ya Kiingereza *Brief Encounter* (1945) ilimwingiza Koncheto Na. 2 kwenye masikio ya watu wa kawaida. Mwaka 1975 Eric Carmen alichukua wimbo wa sehemu ya pili ya koncheto hiyohiyo kutengeneza "All by Myself", akidhani hauna mwenyewe. Warithi wakamfuata, wakakubaliana asilimia 12 ya mapato. Ukilinganisha na rubo 40 za Preludi, angalau wajukuu walikula.

Kuhusu kumsikiliza yeye mwenyewe: kuna roli za Ampico, karatasi zenye matundu zinazopigwa na piano ya mashine, na kuna santuri za kampuni ya Victor. Ukitaka kujifunza kasi na mkono wake tumia santuri. Roli inategemea piano iliyowekwa na aliyeirekebisha mashine. Ikienda haraka au polepole huwezi kujua. Koncheto Na. 2 ya 1929 na mwongozaji Stokowski ndiyo ya kuanzia. Koncheto Na. 3 ya 1939–40 ina vipande vilivyokatwa, usishangae nota zako zikizidi.

#19 Bi_Alto

Swali la mwisho wakuu. Namba 6, mwongozaji apige mikono minne (yaani mapigo manne ya mkono) kwa kipimo au miwili?

#20 Mzee_wa_Besi

Mazoezini minne, mpaka maneno yakae. Siku ya kuimba miwili, mipana, la sivyo itasikika kama inakatwa kwa kisu. Ila pale *Spasa* rudi kwenye minne kwa vipimo vile vichache, kwa sababu hapo ndipo tenori hukimbia.